Meli Ichaguliwe kwa Usingizi wa Mtoto

Watu wakinijia kutaka ushauri wa safari ya meli ya kitalii, huja na picha kwenye simu. Wananionyesha mteremko wa maji unaozunguka juu ya sitaha, ukumbi wa maonyesho, mkahawa wenye taa za rangi, kisiwa cha Bahama chenye mchanga mweupe. Mimi huwauliza jambo jingine: mtoto wenu hulala saa ngapi, na bado anavaa nepi? Wengine hudhani nimekwepa swali lao. Lakini kwa familia yenye mtoto wa chini ya miaka mitatu, majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yanayoamua kama wiki ile itakuwa mapumziko, au itakuwa kazi ileile ya nyumbani iliyohamishiwa kwenye chumba kidogo zaidi na kwa pesa nyingi zaidi.

Mimi ni muuguzi wa watoto. Nimezaliwa Pangani, mto unapokutana na bahari, na sasa naishi Southampton, kusini mwa Uingereza, bandari inayoongoza nchini humu kwa meli za kitalii. Mwishoni mwa juma wakati wa kiangazi utazikuta meli kadhaa zimefunga kamba kwa pamoja, zimeshusha abiria asubuhi na zinapakia wengine kabla ya jioni. Foleni zake zimejaa vigari vya watoto, na siku hizi ndani ya foleni hizo nasikia Kiswahili: cha Mombasa, cha Bujumbura, cha Goma. Hao ndio ninaowaandikia kwanza, na nyuma yao ndugu walioko nyumbani ambao siku moja wataalikwa kusafiri nao.

Tuanze na umri. Kutoka Southampton hii hii ndiko Titanic ilikong'oa nanga tarehe 10 Aprili 1912, na ndani yake alikuwamo mtoto wa wiki tisa, Millvina Dean, abiria mdogo kuliko wote. Baba yake alikufa maji. Yeye, mama yake na kaka yake wakaokolewa kwa mashua. Aliishi hadi 2009, akawa wa mwisho kufariki katika manusura wote wa meli ile. Leo mtoto wa wiki tisa asingekubaliwa hata kukanyaga ngazi. Karibu kampuni zote kubwa hutaka mtoto awe ametimiza miezi 6 siku ya kupanda, na kwa safari ndefu za kuvuka Atlantiki, au zenye siku nyingi mfululizo bila kugusa bandari, hutaka miezi 12. Sababu yake ni ya kitabibu. Meli ina zahanati na daktari, lakini haina wodi ya watoto wachanga, na katikati ya bahari hakuna pa kumkimbiza mgonjwa.

Mimi naongeza sababu yangu ya kiuguzi, nayo ni surua. Huku Uingereza chanjo yake ya kwanza hutolewa mtoto anapotimiza mwaka; Tanzania na Kenya huanza miezi tisa. Mtoto wa miezi saba aliyezaliwa hapa hana kinga hiyo, na meli hukusanya maelfu ya watu kutoka kila upande mahali pamoja. Kwa hiyo kampuni ikisema miezi 6 inatosha, mimi huwashauri wazazi wangoje mwaka mmoja. Na mama mjamzito naye ahesabu wiki zake kabla ya kulipa: kampuni nyingi hazimpokei atakayefikisha wiki 24 kabla ya safari kwisha.

Ziko pia meli zisizopokea watoto kabisa. Arcadia na Aurora za P&O Cruises ni za watu wazima peke yao, ilhali dada zao za kampuni hiyohiyo zimejengewa familia. Virgin Voyages na Viking hawachukui aliye chini ya miaka 18. Bei nzuri isikupeleke huko ukapoteza jioni nzima kujaza fomu.

Sasa nije kwenye usingizi, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Nyumbani Pangani mtoto hana mikono miwili tu ya kumbeba. Mama akichoka, shangazi keshampokea, bibi anamwogesha, binti wa jirani anakwenda naye dukani mgongoni. Mama akitaka kujinyoosha mchana, hujinyoosha. Huku Ulaya mikono ile haipo. Nakutana kazini na akina mama ambao tangu wajifungue hawajakaa mezani na waume zao wakala chakula kikiwa bado cha moto. Mume yuko zamu ya usiku, mke zamu ya mchana, na mtoto hupokezanwa mlangoni. Familia ya namna hii ikiweka akiba mwaka mzima ili iende baharini wiki moja, anayestahili kupumzika kwanza ni yule mama. Meli isiyompumzisha huyo haikuchaguliwa vizuri, hata ingekuwa na miteremko kumi ya maji.

Hebu fikirini chumba chenyewe. Chumba cha kawaida kwenye meli nyingi kina ukubwa wa mita za mraba 15 hadi 17 hivi, pamoja na bafu. Weka kitanda cha watu wawili, weka kitanda cha mtoto chenye kingo, weka begi. Kinachobaki ni njia ya kupita mtu mmoja. Saa moja jioni mtoto amelala. Taa lazima zizimwe, televisheni inyamaze. Wazazi wanabaki gizani wakinong'onezana, wakati chakula cha jioni, muziki na yote waliyoyalipia yanaendelea ghorofa za juu bila wao. Mmoja anaweza kutoka, lakini wakitaka kutoka wote wawili, mtoto atabaki na nani? Hilo ndilo swali la kwanza la kuiuliza kampuni yoyote, na majibu yanatofautiana mno.

P&O Cruises, kwenye meli zao za familia kama Iona, ambayo ilianza kazi 2021 na hubeba abiria zaidi ya 5,000, wana chumba cha kulelea watoto usiku. Huchukua watoto kuanzia miezi 6 hadi miaka minne, tangu jioni mpaka saa sita usiku, bila malipo. Kuna vitanda vidogo vilivyopangwa, taa hafifu, walezi wanaopita kimyakimya. Unamlaza, unakwenda kula, unarudi kumchukua akiwa usingizini. Cunard nao huwalea wachanga bila kutoza. Disney wanapokea kuanzia miezi 6 hadi miaka mitatu, lakini wanatoza kwa saa na nafasi hujaa mapema, hivyo inafaa uweke nafasi mtandaoni mara dirisha la kuweka nafasi linapofunguliwa. Royal Caribbean ni hivyohivyo, kwa saa na kwa malipo, na huduma hiyo haipo kwenye kila meli yao. MSC wana chumba cha watoto wa chini ya miaka mitatu walichokiandaa pamoja na Chicco, kampuni ya bidhaa za watoto. Kampuni nyingine hazina chochote kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Tangazo lao litasema "burudani kwa familia nzima", na kwa kweli familia wanayoiwazia ni ya mtoto wa miaka minane. Kwa kuwa taratibu hizi hubadilika kila msimu, ulizia meli yenyewe kwa jina lake na tarehe yake, usiridhike na jina la kampuni.

Najua mama wa Kiswahili atasema nini, kwa sababu nimelisikia nyumbani kwangu. Tulisafiri na mama mkwe wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, na mtoto wetu wa mwisho alikuwa bado ananyonya. Nilipomweleza habari ya chumba cha usiku, alinitazama kwa muda.

"Mwanangu, mtoto wa kunyonya utampa mtu usiyemjua jina?"

Nikamwambia, "Mama, twende ukaone kwanza. Usiporidhika, hatumpeleki."

Siku ya kupanda, milango ya vyumba vya watoto huwa wazi ili wazazi waje watazame, na hiyo ni fursa, msiiache ipite. Mama mkwe aliingia akagusa magodoro, akauliza mashuka hufuliwa lini, akauliza mtoto akiamka atapewa nini, akauliza walezi wamesomea wapi. Yule binti mlezi alijibu kila kitu kwa adabu, kisha akatupa kifaa kidogo cha kutuitia mtoto akilia na asibembelezeke. Jioni ile mama mkwe aliamua kukaa karibu na mlango mpaka tulipomaliza kula. Jioni ya pili alikuja mezani nasi, akala samaki, akaniambia mtoto yuko salama. Hakuna tangazo la kampuni ambalo lingenituliza kama neno lake lile.

Uliza vilevile nani atabadilisha nepi humo ndani. Kwenye baadhi ya meli mlezi hafanyi kazi hiyo, humwita mzazi. Ni vizuri kujua hivyo kabla hujaagiza chakula.

Kama hutaki kumwachia mgeni, na ninawaheshimu wasiotaka, basi zipo njia mbili. Ya kwanza ni chumba chenye kibaraza: mtoto analala ndani, wazazi wanakaa nje hatua mbili kutoka kwake, mlango wa kioo ukiwa umerudishwa. Ya pili, ambayo kwangu ni bora kuliko zote, ni kusafiri na bibi na kuomba vyumba viwili vyenye mlango wa kati. Bibi anapata heshima ya chumba chake na mtoto anapata mikono aliyoizoea. Ninyi mnaweza kwenda mkarudi. Vyumba vya aina hiyo ni vichache, huisha mapema kuliko vingine.

Kuna jambo la mwanga ambalo watu wengi hawalifikirii. Familia nyingi za hapa huenda Norwe kwa sababu meli hutokea Southampton na hakuna kupanda ndege. Mwezi wa Juni, kwenye miji kama Ålesund na Olden, jua huzama karibu saa tano usiku na giza lenyewe halifungi. Mtoto wa mwaka mmoja akiona mwanga hujua bado ni mchana, akaendelea kucheza. Kwa safari hiyo ningechagua chumba cha ndani kisicho na dirisha, ambacho ndicho cha bei ndogo kuliko vyote. Watu hukiona ni chumba cha maskini. Kwa usingizi wa mtoto wakati wa kiangazi cha kaskazini, hakuna chumba bora, kwa kuwa ukizima taa ni giza totoro.

Nepi sasa. Meli zinazofika bandari za Marekani hukaguliwa na idara ya afya ya nchi hiyo chini ya mpango ulioanza miaka ya 1970, na kanuni zake zinakataza mtoto asiyejua kutumia choo kuingia bwawa la kuogelea, hata akivaa nepi maalumu za majini. Meli za Uingereza nazo zina katazo hilohilo. Kanuni hii si ukali wa bure. Nepi za majini huzuia kinyesi kigumu tu. Vijidudu vya kuharisha hupenya ndani ya dakika chache, na vingine huvumilia klorini. Lakini nimeona sura ya baba aliyefika bwawani na mtoto wa miaka miwili, boya limekwisha kupulizwa, akaambiwa haiwezekani wiki nzima. Iliuma kumtazama. Baadhi ya meli za Disney na za Royal Caribbean zimetengeneza sehemu za maji yanayoruka kwa ajili ya wavaa nepi peke yao, yenye mfumo wake wa kusafisha. Meli yako ikiwa nayo, vizuri. Isipokuwa nayo, basi mtoto wako atayaona maji ya bwawa kwa macho tu, na ni heri kuchagua safari yenye fukwe.

Nepi pia ndiyo ufunguo wa chumba cha michezo. Kwenye kampuni nyingi michezo ya bure huanzia miaka mitatu, na sharti ni mtoto ajue choo. Carnival wanapokea kuanzia miaka miwili hata akiwa na nepi. Umri huhesabiwa siku ya kupanda, na mtoto wa miaka miwili na miezi kumi na moja hatahurumiwa. Kama mwanao yuko karibu na miaka mitatu na ameanza kujifunza choo, kusogeza safari mbele miezi miwili mitatu kutakupa saa nyingi za mapumziko bila kulipa zaidi. Hilo ndilo jibu ninalolitoa mara nyingi kuliko yote.

Kuhusu bahari yenyewe, wazazi huogopa zaidi ya inavyostahili. Watoto wa chini ya miaka miwili mara chache hutapishwa na mawimbi. Wanaoteseka zaidi ni wa miaka miwili hadi kumi na miwili. Dawa nyingi za kichefuchefu cha safari haziruhusiwi kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa hiyo usimpe ya kwako uliyoikata nusu. Chagua chumba cha katikati ya meli na ghorofa za chini. Omo na tezi ndiko chombo kinakopanda na kushuka, na kila aliyewahi kuvuka mkondo wa Pemba wakati wa kusi anaujua ukweli huo. Ndani ya fiodi za Norwe, yale maghuba membamba yaliyochimbwa na barafu, maji hutulia kwa sababu milima huyakinga. Bahari ya Kaskazini njiani ndiyo yenye ukaidi. Ghuba ya Biscay, kwa wanaoshuka Hispania kutoka hapa, ni mbaya zaidi hasa majira ya baridi.

Bandari za kufikia zitazameni kwa macho ya kigari cha mtoto. Ratiba huandika "Roma", lakini meli hufunga Civitavecchia, kilomita 80 hivi kutoka Roma. Huandika "Paris", na gati liko Le Havre, karibu kilomita 200. Kwenda na kurudi siku moja na mtoto anayelala mchana ni adhabu kwake na kwenu. Safari za Mediterania zenye mji mpya kila asubuhi huvutia mno kwenye karatasi, na kwa mtu mzima ni neema. Mtoto mdogo huvurugikiwa. Stavanger ni kinyume chake: unashuka ngazi, uko katikati ya mji, na karibu na jumba la makumbusho la mafuta kuna uwanja wa michezo uliojengwa kwa vyuma na mabomba ya machimbo ya baharini, bure kwa kila mtoto. Flåm kuna treni ya kilomita 20 inayopanda mlima hadi zaidi ya mita 860 kwa muda wa karibu saa moja, na mtoto anaweza kuipanda amelala mapajani. Pengine meli hutia nanga nje na abiria hupelekwa pwani kwa mashua ndogo. Hapo kigari hukunjwa. Mimi hubeba mbeleko. Kanga moja imara humfunga mtoto mgongoni kwenye mashua, kwenye ngazi na kwenye lifti zinazojaa, na mikono yote miwili hubaki huru kushika kamba.

Chakula kinataka maandalizi. Kampuni nyingi huruhusu chakula cha mtoto kilichofungwa kiwandani na maziwa ya kopo, lakini hukataa kilichopikwa nyumbani, na vyombo vya kupashia moto huchukuliwa mlangoni kwa kuhofia moto. Meli za Kiingereza kwa kawaida huweka birika la umeme chumbani. Za Kimarekani kwa kawaida haziweki. Tofauti hiyo ni kubwa kwa anayetumia maziwa ya unga, kwa sababu yanatakiwa kuchanganywa na maji yaliyochemshwa ambayo bado yana joto la nyuzi 70 au zaidi, kisha yapozwe. Unga wa uji wa lishe ukiwa kwenye pakiti yake ya dukani na lebo yake, mara nyingi hupita. Lakini uji unataka jiko, na mpishi wa meli ana chakula cha maelfu. Zungumza na msimamizi wa mkahawa siku ya kwanza, mapema, kabla ya msongamano. Wanaohitaji nyama halali waombe wakati wa kuweka nafasi, na wapate jibu la maandishi. Nepi na maziwa beba ya safari nzima na akiba, maana duka la meli huuza manukato na saa.

Ugonjwa unaosumbua meli ni virusi vya kutapisha na kuharisha viitwavyo norovirusi. Ile dawa ya mikono inayowekwa mlangoni mwa mkahawa haiviui vizuri. Sabuni na maji ndivyo vinavyofaa, na mtoto anayetambaa aoshwe mikono kila mara kabla ya kula. Wanaosafiri kutoka Marekani, kama jamaa zetu wa Houston wanaopandia Galveston, wana msaada mzuri: matokeo ya ukaguzi wa usafi wa kila meli hutangazwa hadharani kwa alama za 100, na meli inayopata 85 au chini ya hapo imeshindwa. Tazameni kabla ya kulipa. Na bima ya safari iandikwe wazi kuwa ni ya meli na kwamba inalipia kusafirishwa kwa dharura kutoka baharini, kwani daktari wa meli hutoza na helikopta hutoza zaidi.

Hati za kusafiria zinatuhusu sisi kwa namna ya pekee. Kwa desturi zetu mama habadili jina la baba yake kwa sababu ameolewa, na mtoto huchukua jina la baba. Ofisa wa mpakani anaona mwanamke mwenye jina moja na mtoto mwenye jina jingine, anauliza. Hana kosa, kazi yake ni kuzuia watoto wasiibwe. Beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto chenye majina ya wazazi wote wawili, na kama mzazi mmoja haji, beba barua yake ya idhini na nakala ya pasipoti yake. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Burundi anayeishi Uingereza anahitaji viza ya Schengen kwa ajili ya Norwe na Hispania, na kama meli itatoka eneo hilo ikarudi, viza iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Kampuni humkataa asiyekuwa nayo pale pale gatini, na pesa hazirudi.

Usalama nimeuweka huku mwisho, lakini ukiwa ndani ya meli uanze nao. Msiba wa Titanic ndio uliozaa mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini wa 1914, na kwa toleo lake la sasa, meli ya abiria inayosafiri saa 24 au zaidi lazima iwe na jaketi la kujiokolea kwa kila mtoto mchanga aliyemo, yaani wa chini ya kilo 15. Siku ya kupanda omba jaketi hilo liletwe chumbani, mvishe mtoto, jifunze kufunga kamba zake akiwa anacheka na si siku anapolia. Kampuni nyingi humvisha mtoto bangili yenye namba ya kituo cha kukusanyikia. Isivuliwe hata bafuni. Kwenye kibaraza, kingo za meli zinazohudumia Marekani hutakiwa kuwa na urefu wa inchi 42, yaani karibu sentimita 107, na hazipandiki kirahisi zikiwa peke yake. Kiti ndicho kinachoziua. Viti na meza visogezwe mbali na ukingo au viondolewe kabisa, mwombe mhudumu, naye atafanya bila kuuliza. Kitasa cha juu cha mlango kifungwe kila saa.

Juu ya pesa nina maneno machache. Familia isiyo na mtoto wa shule isafiri Mei, mwanzoni mwa Juni au Septemba, kwa sababu likizo za shule hupandisha bei mno. P&O Cruises waliondoa ada ya huduma ya kila siku mwaka 2019; kampuni nyingi za Kimarekani huitoza kwa kila kichwa, na baadhi tu ndizo zinazowasamehe walio chini ya miaka miwili. Ukilinganisha bei, linganisha jumla, pamoja na saa za malezi ya usiku.

Basi kabla hamjatoa malipo ya awali, pigeni simu. Taja jina la meli, tarehe, na umri wa mtoto siku ya kupanda. Uliza atalelewa na nani kuanzia saa moja jioni, kwa bei gani, na nani atambadilisha nepi. Uliza kama kuna maji anayoruhusiwa kuchezea. Uliza kama chumbani kuna birika na kitanda cha mtoto, na kitanda hicho kiandikwe kwenye nafasi yenu. Kisha ombeni majibu hayo kwa barua pepe. Kampuni iliyozoea watoto wadogo itawajibu siku hiyohiyo bila kusitasita. Ikianza kuwaelekeza kwenye picha za mteremko wa maji, tafuteni meli nyingine.